Kengele ya Paka wa Mama

Siku mama alipovunjika nyonga, akiwa bado amelala kwenye ngazi za mawe, aliniuliza ni nani atamlisha paka. Nilimfokea. Nilimwambia mtu aliyeanguka vile huuliza habari za mguu wake, siyo za paka. Hakunijibu. Alikuwa amezoea kufokewa na mimi, na mimi nilikuwa nimezoea kunyamaziwa na yeye. Ndivyo tulivyoishi miaka mingi katika nyumba moja, tukipendana kwa namna ambayo mgeni asingeitambua hata angekaa mwezi mzima.

Macho yake yalikuwa yamekwisha miaka sita kabla ya hapo, kwa presha ya macho ambayo tulichelewa kuitibu. Tangu wakati ule dunia yake ilikuwa ya sauti: cherehani yangu barazani, ndege zikishuka uwanjani, wanawake wakipandisha ndoo kwenye njia ya mawe. Sauti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kengele ndogo iliyofungwa shingoni mwa paka wake. Kengele ile niliinunua mimi mwenyewe, si kwa mapenzi, bali kwa sababu mama alikuwa akimkanyaga paka mkia na paka akimparua, halafu mimi ndiye niliyepaka dawa.

Sikuwa mpenzi wa paka. Kwangu paka alikuwa mfanyakazi wa kukamata panya, akimaliza kazi aende zake. Lakini huyu, dume la kijivu lililochanika sikio, alitokea kwenye majabali siku moja tukianika dagaa, akaingia ndani moja kwa moja na kulala miguuni pa mama kama aliyekuwa na miadi naye. Kila alfajiri alipanda kitandani, na mama alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akaongea naye kwa muda mrefu, taratibu. Nilikuwa nikisikia mnong'ono tu kutoka chumba cha pili, nisiyashike maneno. Mimi nilisalimiwa, nikaulizwa chai iko wapi. Nilikuwa namwonea paka wivu, nalisema hilo sasa kwa kuwa hakuna tena wa kumficha.

Tunakaa Ilemela, juu kwenye mawe, mahali ambapo nyumba ya mtu ni kama ngazi ya kupandia kwenda kwa mwenzake. Nyumba ya nne chini yetu alikaa jirani mmoja, mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa akikaanga samaki jioni na mchana akitunza wanyama wa watu waliosafiri. Kazi hiyo alijianzishia mwenyewe. Alianza na kuku wa mwalimu aliyekwenda likizo, akafuatia mbwa wa bwana mmoja wa forodha, na alipofikia kukaa na kasuku wa familia ya Wahindi wenye duka mjini, sifa zake zikapanda mpaka kwenye mawe ya juu kabisa. Mdomo wake ulikuwa mtamu. Angekuambia mbwa wako kakutaja jina.

Nilimpa paka asubuhi ile ile, mama akiwa kwenye machela iliyobebwa na wanaume wanne. Tulipatana pesa ya kila wiki, nikampa ya wiki mbili mbele, nikamwambia mambo matatu: samaki asubuhi na jioni, alale ndani, na kengele isivuliwe. Hilo la tatu mama mwenyewe alilirudia kutoka kwenye machela. Jirani akamshika mkono, akamwambia, "Bibi, nenda ukapone. Huyu ni mtoto wangu sasa."

Hospitali tulikaa wiki tano. Walimwekea mama chuma, kidonda kikaleta usaha, wakakifungua tena. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Kila jioni, baada ya wagonjwa kupewa dawa, nilimpigia jirani simu nikaweka sauti ya nje, na jirani alisema kwamba paka hajambo, amekula, amelala. Siku nyingine aliongeza kionjo: leo kakamata mjusi, leo kagombana na jogoo. Mama alicheka kicheko kile cha kuishiwa pumzi, akalala. Hakuna sindano iliyomlaza vizuri hivyo. Muuguzi mmoja alikuwa akipita kitandani kwetu saa hiyo makusudi, aje asikie habari za paka.

Tuliporudi nyumbani, jirani hakutoka kutulaki. Nikasema labda yuko sokoni. Kesho yake asubuhi, mama akiwa amelala kwa dawa za maumivu, jirani alipanda akasimama barazani mbele ya cherehani yangu, akafungua pindo la kanga, akanipa kengele mkononi.

Paka alikuwa amepotea. Nikamuuliza lini. Akasema siku kumi na moja zilizopita. Nikakaa chini.

Maneno yalimtoka kidogo kidogo, na kila nilipouliza yalizidi kuwa mabaya. Kengele aliivua wiki ya kwanza kwa sababu ilimkosesha usingizi. Samaki alimpa pale alipobakiza, siku nyingine alimpa ukoko wa ugali. Halafu kukawa na harusi ya binamu yake huko Mkuyuni, akaenda siku tatu, akafunga mlango na kumwacha paka nje, akijua paka ni paka, atajitafutia. Aliporudi hakumkuta. Alimtafuta siku mbili. Jioni ile ya kwanza nikapiga simu kama kawaida, nikaweka sauti ya nje, akamsikia mama akikohoa upande wa pili, na mdomo wake ukasema paka hajambo.

"Nilishindwa, dada," aliniambia. "Nilisema kesho nitamwambia. Kesho nikasema kesho."

Nilimwita mwongo, mwizi, muuaji, na mengine ambayo fundi wa nguo za harusi za kanisani hapaswi kuyajua. Nilisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mama, na hasira ikisemwa kwa sauti ya chini huchoma zaidi. Alilia. Nikamfukuza. Nilipogeuka, mama alikuwa ameamka na ananiita.

Nilikuwa nimevaa aproni yangu ya kushonea, ile yenye mfuko mkubwa mbele wa mkasi na chaki. Kengele niliitumbukiza humo. Nilisimama mlangoni kwa mama nikijaribu kupanga maneno. Alikuwa amebaki mifupa. Daktari alikuwa ameniambia moyo wake umechoka na nisimpe mshtuko, na neno hilo nimeliegemea sana baadaye kila nilipotaka kujitetea. Aliniuliza, "Jirani kaja? Kamleta?"

Nilivuta pumzi nimwambie. Naapa nilikuwa nataka kumwambia. Nikapiga hatua moja, na kengele ikalia mfukoni.

Uso wa mama ulifunguka. Sijui namna nyingine ya kulieleza hilo. Alinyoosha mkono kuelekea miguuni pangu, chini, mahali paka angekuwa, akasema "Mwangaluka," na machozi yakamtoka. Mimi nikasema, kwa sauti iliyotoka bila kuniomba ruhusa, kwamba daktari kakataza paka kupanda kitandani mpaka kidonda kikauke, kwa ajili ya kucha na manyoya.

Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi awe anakuja mpaka mlangoni."

Tangu siku ile kila alfajiri nilisimama nyuma ya pazia la mlango wake nikiwa peku, kengele kwenye vidole, nikaitikisa mara mbili, kisha moja, kama paka anayekaa chini akajikuna. Jioni vilevile. Mama aliuliza mbona halii siku hizi. Nikamwambia amenuna kwa sababu tulimwacha. Mama akacheka, akasema ana haki. Mchana nilikuwa nikipanda kwenye majabali na kichwa cha samaki aina ya sato kwenye mfuko wa rambo, nikimwita, pimbi wakinikodolea macho kutoka kwenye nyufa. Nilimtafuta mpaka kule mawe yanakoingia ziwani. Kama ningempata, nilikuwa nasema, uongo ungegeuka kuwa kweli na hakuna ambaye angedhurika.

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo hasa lililonifanya niandike haya. Nikiwa nyuma ya pazia lile niliyasikia maneno ambayo miaka yote sikuwa nikiyashika. Mama alimwambia paka kwamba hospitali aliogopa kufa kwa sababu hakujua mlango uko upande gani. Alimwambia kwamba nyayo zangu zinafanana na za marehemu baba, na kwamba akinisikia nikitembea asubuhi huwa anasahau kidogo, halafu anakumbuka. Alimwambia, "Huyu mtoto ameshona mpaka mgongo umepinda, na mimi sijawahi kumwambia asante. Nikimwambia sasa atadhani nakufa." Nilisimama pale, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nimeziba mdomo kwa pazia. Nilikuwa nimesubiri maneno hayo tangu nikiwa mtoto, na sasa nilikuwa nayaiba.

Ningeweza kumwambia ukweli wiki ya pili. Kidonda kilikuwa kinakauka, rangi imerudi, anakaa kwenye mto na kula uji mwenyewe. Sikumwambia. Nilitaka alfajiri nyingine, na nyingine tena.

Wakati huohuo nilikuwa napigana na jirani. Alikuja mwisho wa mwezi, kwa adabu, akasema amekubali kosa, lakini paka alimtunza wiki tatu na nusu kabla ya kupotea, na mimi nilimlipa mbili, kwa hiyo anadai siku zilizobaki. Nilimwangalia nisiamini. Nikamwambia si tu kwamba hapati kitu, bali anirudishie na zile za mwanzo. Mtu aliyempoteza paka wa kipofu anadai ujira! Habari zikatapakaa kwenye bomba la maji, na wanawake wakagawanyika. Waliokuwa wamemwachia kuku walikuwa upande wangu. Waliokuwa wakimdai pesa ya samaki walikuwa upande wake, kwa sababu akilipwa na wao watalipwa. Mimi nilikuwa nikimtangaza kila nilipopata msikilizaji. Nilisema kosa la kupoteza ningelisamehe, lakini kumdanganya mgonjwa siku kumi na moja, tena kwa sauti tamu, hilo halina msamaha. Niliyasema haya huku kengele iko mfukoni mwa aproni. Nyani haoni kundule.

Alinishtaki kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe wetu alikuwa mzee wa Kisukuma aliyechunga ng'ombe ujanani na bado alikuwa akihesabu watu kama anahesabu mifugo, kwa kidole na bila haraka. Kwa kuwa mimi siwezi kuacha mgonjwa peke yake, alisema tutazungumzia barazani kwangu. Sikupenda, lakini kukataa kungeleta maswali. Niliwasha redio chumbani kwa mama, nikaiweka kati ya kitanda chake na dirisha, nikahakikisha amefumba macho. Macho ambayo hata yakifumbuka hayaoni! Wasiwasi humfanya mtu mpumbavu.

Jirani alisema yake, nami nikasema yangu. Mzee alisikiliza akichora chini kwa fimbo. Halafu akauliza kama tunajua kwao mambo haya yanakwendaje. Akatueleza kwamba mtu akikupa ng'ombe wake umchungie, maziwa ni yako na samadi ni yako, huo ndio ujira wako. Ng'ombe akifa, awe kafa kwa ugonjwa au kwa uzembe wako, unamchuna, unabeba ngozi na unampelekea mwenyewe, hata kama ni mwendo wa siku tatu. Ukifika na ngozi, kesi imekwisha nusu. Mwenyewe atakasirika lakini atakupa maji ya kunywa. Ukikaa kimya mpaka mwenyewe aje kuhesabu, hapo unalipa ng'ombe, na hakuna atakayekupa mwingine.

Niliruka kwenye maneno yale kama mtu aliyetupiwa kamba. "Sasa ngozi iko wapi?" nilimuuliza jirani. "Siku kumi na moja ulikaa kimya. Ngozi iko wapi?"

Jirani hakuwa mtu wa kusema taratibu. Hata akikuomba chumvi utadhani mko ng'ambo mbili za ziwa. Lakini siku ile hakuwa akigomba, alikuwa akisihi, na sauti yake ilikwenda kila mahali.

"Nilichelewa, dada. Hilo nimekosa, na mzee anasikia. Lakini hukuniita. Nilikuja kwa miguu yangu, nikakwambia yote, na kengele ya paka nikakupa mkononi. Ngozi yako ndiyo ile kengele."

Nilimwashiria anyamaze. Mzee akaniona nikiashiria, akakunja uso. Redio ilikuwa ikitangaza bei za pamba. Halafu ikazimwa.

Sauti ya mama ikatoka dirishani, si kubwa. "Kengele ipi?"

Jirani alinitazama, na nikaona anaelewa kwamba mama hakuwa amejua, na kwamba kuna kitu kibaya zaidi ya hicho ambacho bado hakielewi.

"Ingia nayo," mama akasema.

Niliingia. Alikuwa ameketi kwenye mto, kiganja wazi. Niliiweka kengele juu yake. Akaigeuza, akaipapasa ukingo, akaitikisa mara moja tu. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua njia.

"Leo asubuhi alikuwa nani?"

"Ni mimi, mama."

"Na jana?"

"Ni mimi."

"Siku zote hizi?"

Nikasema ndiyo. Nilimwona akirudi nyuma moyoni, alfajiri moja baada ya nyingine, akikusanya kila alichokisema, na mkono mmoja ukapanda ukavuta shuka mpaka shingoni, kama mwanamke aliyekutwa akioga.

"Yule amekuletea ngozi yako," alisema. "Mimi ya kwangu nimeisikia dirishani."

Alimwita mzee aingie, na jirani pia, akatoa hukumu mwenyewe akiwa kitandani: nimlipe siku alizomtunza paka, zile za uongo asilipwe. Jirani akakataa pesa, akasema hazitaki tena. Mama akasema atazipokea, kwa sababu kazi ni kazi. Nikahesabu mbele ya mashahidi, jirani akazipokea bila kuzitazama, akapiga magoti kando ya kitanda na kumwomba mama radhi. Mama akaweka mkono kichwani pake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili tu. Ningeweza kupiga magoti na mimi. Nafasi ilikuwepo, mzee alikuwa ameitengeneza, alisogea kabisa. Nikaondoka kwenda kuweka chai.

Sijui niite nini kile kilichonizuia. Kiburi, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nimekasirika kwamba yule mzembe, aliyevua kengele apate usingizi, amesamehewa kabla ya mimi niliyelala sakafuni wiki tano. Nilijiambia nitaomba radhi yakitulia, tukiwa wawili tu. Kesho. Kesho nikasema kesho.

Mama hakugomba na mimi hata mara moja. Alikula nilichompa, akageuka nilipomgeuza, akasema asante kwa uji kama anavyosema mtu aliyetembelea nyumba ya watu. Lakini hakuniamini tena, na kipofu asiyemwamini mtu anayeishi naye yuko gizani mara mbili. Nikimwambia kumekucha, alisubiri asikie jogoo. Nikimwambia dawa ni hii nyeupe, aliilamba kwanza. Jirani alianza kuja kila alasiri, kwa aibu mwanzoni, akikaa naye na kumkanda miguu, na mama alikuwa akimuuliza yale niliyomwambia asubuhi. Ni kweli mvua imeharibu ngazi? Ni kweli mwanangu wa kiume amepiga simu kutoka Geita? Jirani alimjibu ndiyo, bibi, ni kweli, huku ananiangalia kwa macho ya kuomba msamaha. Nilikuwa nikiendesha cherehani kwa nguvu ili nisisikie. Siku moja nilimuuliza mama, kwa ukali wangu ule ule, kwa nini anamwamini yule aliyemdanganya na sisi tukiwa hospitali. Akasema, "Yeye alikuja mwenyewe. Wewe ulikamatwa."

Na alfajiri hakuongea tena. Nilikuwa nikiamka saa zile zile kwa mazoea na kulala nikisikiliza. Hakukuwa na mnong'ono wala salamu. Nilikuwa nimempotezea paka wa pili, yule wa kuambiwa mambo, na huyu sikuweza kumsingizia mtu mwingine.

Alikaa hivyo miezi minne. Kidonda kilipona, moyo ndio ukachoka. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe, jua limepiga mawe mpaka yanatoa harufu. Nilikuwa nimemlisha vijiko vitatu vya maji ya sato, amekataa cha nne. Nikamfuta mdomo. Sijui kwa nini siku ile. Pengine ni kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekuwa mwepesi sana nilipouinua. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mahali jirani alipopiga, nikasema.

"Mama, nisamehe. Ile kengele nilikosa. Na niliyosikia yale, nisamehe kwa kuyasikia. Nilikuwa nataka kuyasikia tu."

Alinisikia. Nina hakika alinisikia, kwa sababu uso wake uligeuka kunielekea, na midomo ikachezacheza kabla ya kutoa sauti. Nilisogeza sikio.

"Niitie jirani," akasema.

Iliniuma kama kofi. Nilidhani anataka kumuuliza kama ni kweli: kama binti yake amepiga magoti kweli au anaigiza, kama machozi anayoyasikia ni machozi. Nikainuka. Nikateremka zile ngazi nikijikwaa, nyumba ya tatu, ya nne, nikamkuta jirani anapara samaki, nikamwambia mama anakuita. Hakuuliza, aliacha kisu, tukapanda pamoja, mimi mbele. Labda dakika nane, labda kumi. Mama alikuwa amegeuzia uso mlangoni, na amekwisha.

Hivyo hakujibu. Nimeyapima maneno yale mawili kwa kila namna. Kwetu, watu wakipatana baada ya ugomvi mkubwa hawapatani peke yao. Huitwa mtu wa pembeni ashuhudie, ili kesho asitokee wa kukana. Mzee mjumbe aliniambia hivyo msibani, kwamba bila shaka mama alikuwa anaita shahidi. Alikuwa anafunga kesi kwa desturi. Huenda ndivyo. Huenda pia hakuniamini tu, mpaka pumzi ya mwisho, na kwa kutoniamini kwake nilimwacha afe peke yake, yeye aliyeogopa kufa bila kujua mlango uko upande gani.

Siku ya arobaini, wageni walipotawanyika, jirani alibaki kuosha masufuria. Aliyapanga kwenye kichanja, akafuta mikono, akaja kukaa karibu nami barazani. Aliniambia kwamba siku mbili kabla ya kufa, akimkanda miguu, mama alimwambia kwamba mimi alishanisamehe zamani, ila anasubiri niombe mwenyewe. Nikamuuliza alisema kwa maneno gani hasa. Akanitajia. Nikamuuliza tena baadaye, na tena siku nyingine tulipokutana kwenye bomba, na mara zote tatu alinitajia maneno yale yale, ananitazama usoni, kwa sauti yake tamu. Ningetoa cherehani yangu na nyumba juu yake niweze kumwamini.